Kudifragi diski: utumie ya Windows yenyewe, upakue nyingine, au ununue SSD?

Mama mmoja mwenye steshenari pale Mabibo, jirani na hosteli za wanafunzi, alinipigia simu Jumatatu asubuhi. "Mwanangu, mashine imekuwa nzito mpaka wateja wananihama. Mwanafunzi anachomeka flashi, anataka kurasa nne tu. Nafungua, kiduara kinazunguka, yeye anatazama saa, mwishowe anachomoa flashi yake anaondoka. Kijana wa jirani kaniambia nishushe programu ya kudifragi. Nimetafuta, zimekuja chungu nzima. Nishushe ipi?"

"Usishushe yoyote kwanza, mama. Nakuja."

Swali lake naletewa karibu kila wiki mezani kwangu Mwenge, ndiyo maana naliandikia kwa kirefu. Kudifragi ni kuviunganisha tena vipande vya mafaili vilivyotapakaa kwenye diski. Programu za kazi hiyo zinatofautiana kweli, na nitazipambanisha moja moja. Lakini nimeshuhudia watu wakipoteza vitu visivyonunulika tena kwa sababu walichagua programu kabla ya kuijua diski yao. Kwa hiyo tuanze na diski.

Kinachoifanya diski iwe nzito

Ndani ya hadi diski ya kawaida kuna sahani zinazozunguka, na juu yake kichwa cha kusomea kinachosogea mbele na nyuma. Sahani za laptopu nyingi huzunguka mara 5,400 kwa dakika, za deskitopu mara 7,200. Ile ya 5,400 humaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 11 hivi. Kichwa kikishafika kwenye mstari wake, kwa wastani kinangoja nusu mzunguko hadi data ipite chini yake. Jumlisha na muda wa kichwa chenyewe kusogea, kila mruko unakula milisekunde 15 au zaidi kidogo.

Milisekunde 15 ni kitu kidogo. Sasa chukua faili moja lililokatika vipande 2,000 vilivyotapakaa diski nzima. Hapo ni sekunde 30 za kuruka tu, mbali na muda wa kusoma. Ni kama daladala mbili za Mwenge kwenda Kariakoo: injini moja, barabara moja, ila moja inakwenda moja kwa moja na nyingine inashusha na kupakia kila kituo. Muda unaliwa na vituo.

Vipande vinatoka wapi? Windows hugawa nafasi kwa vijisehemu, mara nyingi vya kilobaiti 4 kila kimoja. Diski ikiwa na nafasi tele, faili jipya hupata uwanja mmoja mpana. Ikikaribia kujaa, nafasi iliyobaki ni mianya tu iliyoachwa na mafaili yaliyofutwa, basi faili jipya linasukumwa humo vipandevipande. Kwa hiyo diski iliyojaa hadi shingoni ukiidifragi leo, baada ya mwezi iko pale pale. Kupunguza mizigo ndiyo nusu ya kazi, na programu yoyote haitakufanyia hiyo.

SSD, diski ya kisasa inayohifadhi data kwenye chipu, haina sahani wala kichwa. Kufikia kipande chochote huichukua kama sehemu moja ya kumi ya milisekunde, popote kilipo. Vipande haviisumbui kwa maana hii tunayoizungumzia, na kuvihamishahamisha ni kuimalizia bure uwezo wake wa kuandikwa, ambao una kikomo.

Hapo ndipo chaguo la kwanza lilipo. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika dfrgui, bonyeza Enter. Litafunguka dirisha lenye orodha ya diski zako, na safu ya pili inakuambia kila moja ni ya aina gani: ya sahani au SSD. Laptopu nyingi za mtumba zinazouzwa mjini sasa zinakuja na SSD tayari, na mwenyewe hajui. Ukikuta ni SSD, programu za kudifragi zisikuhusu. Windows 7 ilishaacha kuzidifragi SSD kwa ratiba yake, na tangu Windows 8 dirisha hilohilo likikuta SSD huipelekea amri iitwayo TRIM, inayoiambia ni sehemu zipi hazina kazi tena. Inatosha.

Afya kabla ya kupanga

Hili nalisema kwa uchungu. Miaka yangu ya mwanzo kwenye ufundi, mwalimu mmoja aliniletea laptopu inayoganda. Ilikuwa na maandalio yake ya masomo ya miaka mingi, na picha za mazishi ya baba yake. Sikuipima. Niliweka programu ya kudifragi, nikaiacha ifanye kazi usiku kucha. Asubuhi nikakuta diski inagonga, tak, tak, tak, na Windows haiioni tena. Ilikuwa inakufa tangu alipoileta. Mimi niliilazimisha kusoma na kuandika upya kila kona kwa saa nyingi, nikaimaliza. Yale maandalio aliyaandika upya. Picha hazikurudi.

Kudifragi ni kazi ngumu kuliko zote unazoweza kuipa diski. Kwa hiyo pima kwanza. Mimi hutumia CrystalDiskInfo, ni ya bure na ni nyepesi. Tazama mstari wa 05, sekta zilizoharibika na kuhamishiwa kwingine, na mstari wa C5, sekta zinazosubiri kwa sababu hazisomeki vizuri. Zote zikiwa sifuri, endelea. C5 ikiwa na namba yoyote zaidi ya sifuri, acha habari ya kudifragi. Hamisha mafaili yako sasa hivi, ukianza na yale usiyoweza kuyapata tena, ndipo ufikirie diski mpya.

Tazama pia joto. Mchana wa Januari, kwenye chumba cha bati kisicho na feni, diski ya laptopu inapanda haraka ikipewa kazi mfululizo. Ikipita nyuzi 50 mimi nasimamisha, nainyanyua laptopu chini kwa vifuniko viwili vya chupa ili hewa ipite, nasubiri.

Na umeme je? Watu wanaogopa kwamba ukikatika katikati ya kudifragi, kila kitu kimeharibika. Programu zote nitakazozitaja zinahamisha mafaili kwa kupitia Windows yenyewe: data inanakiliwa kwanza mahali papya, ndipo anwani ya faili inabadilishwa. NTFS, mfumo ambao Windows hutumia kuhifadhi mafaili kwenye diski, nayo huandika kumbukumbu ya mabadiliko yake, hivyo ikiwaka tena inajua ilipoishia. Mara nyingi faili linabaki salama. Kinachoumia ni kifaa chenyewe: umeme unaorudi kwa kishindo, na kichwa kinachorudishwa mapumzikoni kwa ghafla. Laptopu yenye betri nzima haina wasiwasi huo. Deskitopu isiyo na UPS, yaani betri ya akiba, usiianzishie kazi ya saa nne wiki ambayo umeme unakatika kila jioni.

Iliyomo ndani ya Windows

Watu wa rika langu tulijifunzia Windows 98, tukikaa mbele ya kioo tukitazama vimraba vya rangi vikihama kimoja kimoja. Uliona kazi ikifanyika. Windows Vista ilipotoka kwa umma mwaka 2007, ile picha iliondolewa na kazi ikawa inafanyika kimyakimya kwa ratiba. Nadhani hiyo ndiyo sababu kubwa watu wanaidharau. Haionyeshi kitu, basi inaonekana haifanyi kitu.

Inafanya, tena kwa akili. Tangu enzi ya Vista hiyohiyo, haihangaiki na kipande kinachozidi megabaiti 64. Wengi wanaona huo ni uvivu, lakini piga hesabu. Diski inayosoma megabaiti 100 kwa sekunde inamaliza kipande cha 64 kwa milisekunde 640. Kuruka kwenda kipande kinachofuata kunaongeza 15. Ni hasara ya asilimia 2 na kidogo, haistahili kuhamisha faili zima. Ndiyo maana utakuta programu uliyoipakua inasema diski yako imevurugika vibaya, na ya Windows inasema iko sawa. Zote zinaweza kuwa kweli, kwani hazihesabu kitu kimoja. Filamu ya GB 6 iliyokatwa vipande 90 vikubwa inaonekana nyekundu kwenye ramani, wakati machoni pa mtazamaji haina kasoro.

Udhaifu wake kwa Dar es Salaam uko kwenye ratiba. Kazi hii hufanyika mara moja kwa wiki, ndani ya muda wa matengenezo ambao Windows 10 imeupanga saa nane usiku, na ukipitwa, inangoja kompyuta ikae bila kuguswa. Sasa fikiria steshenari, au ofisi ndogo ya Manzese. Mchana kutwa kibodi haipumziki. Jioni mtu anafunga, anazima hadi kwenye soketi ili uniti za Luku zisiende bure na kwa hofu ya moto. Kompyuta haipati saa nane ya usiku hata siku moja. Nimefungua dirisha la dfrgui kwenye mashine za miaka minne nikakuta kwenye safu ya mara ya mwisho kupangwa imeandikwa kwamba haijawahi.

Ukitaka kuona zaidi ya dirisha linavyoonyesha, fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika defrag C: /A /V. Itapima bila kugusa kitu na kukupa idadi ya vipande, nafasi iliyo wazi na mwanya mkubwa kuliko yote. Kiwango cha kukatika kikiwa chini ya asilimia 10, nenda kashughulike na mengine. Kikizidi, defrag C: /U /V itaanza kupanga huku ikikuonyesha ilipofika. Ile /X inakusanya nafasi tupu pamoja, nami naipenda kwenye mashine itakayopokea mafaili makubwa.

Kwa nyumba nyingi na ofisi nyingi za kawaida, naishia hapa. Haihitaji bando la kushusha wala leseni, na haiji na mgeni.

Za kupakua

Defraggler, inayotoka kwa watengenezaji wa CCleaner, ndiyo ninayoifungua mara nyingi kuliko nyingine za nje, na kwa sababu moja tu: inakuorodheshea mafaili yaliyokatika, idadi ya vipande vya kila moja, na inakuruhusu kupanga faili moja au folda moja ukaacha mengine. Ina ramani ya vimraba pia, ukibofya kimraba inakutajia mafaili yaliyomo. Toleo lake la mwisho lilitoka 2018, kwa hiyo usitegemee mambo mapya. Kwa kazi ya hadi diski, ambayo yenyewe haijabadilika, bado inafaa.

Nikupe mfano wa pale ilipoishinda ya Windows. Kijana mmoja Sinza anahariri video za harusi na kichen pati. Alikuwa na diski ya nje ya TB 2 iliyojaa hadi asilimia 95, nayo kila akiburuta kwenye taimulaini picha inakatika. Tukafungua orodha. Faili moja la GB 20 lilikuwa na vipande zaidi ya 14,000, yaani kila kipande kama megabaiti moja na nusu. Kusoma faili hilo likiwa zima ni sekunde 200 kwa diski yake, na miruko peke yake ilikuwa inaongeza sekunde 210. Muda umekuwa mara mbili, na kwenye uhariri huo ndio mkato unaouona kwenye kioo.

Kudifragi diski nzima ya TB 2 iliyojaa kiasi hicho kungechukua siku mbili, na pengine kusiishe. Tulihamisha kwanza harusi zilizokwisha kukabidhiwa, nafasi ikapatikana, halafu tukapanga yale mafaili sita tu aliyokuwa anayafanyia kazi. Saa moja na nusu. Na kama una diski ya pili iliyo tupu, hata Defraggler huihitaji: nakili folda ya mradi kwenda huko, fanyia kazi huko. Faili linaloandikwa kwenye uwanja mtupu linaandikwa kwa mfululizo. Kunakili ni kudifragi, na papo hapo umepata nakala ya akiba.

Auslogics Disk Defrag ina toleo la bure na la kulipia. Inakwenda haraka, dirisha lake linaeleweka hata kwa asiye fundi, na inaweza kupanga mafaili ya mfumo yasogee upande wa diski ulio na kasi. Hilo si hadithi. Sahani huanza kuandikwa kutoka ukingo wa nje, na ukingo wa nje husoma karibu mara mbili ya ule wa ndani, kwa sababu kwa mzunguko mmoja unapitisha data nyingi zaidi. Defraggler nayo ina chaguo la kuyapeleka mafaili makubwa mwishoni mwa diski ili kuyaachia madogo nafasi ya mbele.

Smart Defrag ya IObit nguvu yake ni kupanga wakati kompyuta inawaka, kabla Windows haijayashika mafaili yake ya ndani. Kuna mafaili ambayo mfumo ukishawaka hayasogei. Kwa mashine ya zamani ambayo imekaa miaka bila kupangwa, hatua hiyo ina faida mara moja. Kuifanya kila siku hakuna maana, utakuwa unajichelewesha kuwasha tu.

Kwa hizi za bure, nina ombi. Shusha kutoka kwenye tovuti ya mtengenezaji mwenyewe, usichukue kwenye flashi ya mtu wala kwenye ukurasa wenye vitufe vitano vya kijani vya kushusha. Wakati wa kuweka, soma kila ukurasa kabla ya kubonyeza kuendelea, utoe tiki kwenye programu za ziada unazopendekezewa. Nimeletewa laptopu iliyowekewa programu ya kuharakisha, ikawa nzito zaidi, kwa sababu pamoja nayo ziliingia tatu nyingine, na zote nne zinawaka kila asubuhi.

Tena kuna jambo halisemwi. Programu ikihamisha mafaili kwa wingi kwenye diski yenye vijisehemu vya kilobaiti 4, Windows inaweza kuona hayo kama mabadiliko, ikajaza nafasi ya nakala zake za kurudisha mfumo nyuma na kufuta za zamani. Kama unategemea kurudisha kompyuta kwenye hali ya wiki iliyopita, fahamu kwamba usiku wa kudifragi unaweza kuufunga mlango huo. Kwa mashine ya ofisi natengeneza nakala ya nje kwanza.

Za kulipia nitazipitia upesi, kwa sababu wachache wanazihitaji. O&O Defrag, ya kampuni ya Berlin, inakupa njia kadhaa za kupanga: haraka haraka, au kwa jina, au kwa tarehe ya kutumika. Kwa jina inasaidia pale mafaili ya folda moja yanaposomwa kwa kufuatana, kwa mfano maelfu ya picha zilizoskaniwa. Diskeeper, jina kongwe la kazi hii, ambalo toleo lake lililopunguzwa liliingia ndani ya Windows 2000, siku hizi linaendelea kama DymaxIO na linalenga kuzuia vipande visitokee tangu mwanzo. Hizo ni za ofisi yenye seva kadhaa za hadi diski zinazofanya kazi usiku na mchana. Kwa laptopu moja ya nyumbani, fedha ya leseni iongezee kwenye SSD.

Na kwa fundi mwenzangu anayependa kuandika amri: Contig ya Sysinternals inapanga faili moja unalolitaja, haihitaji kuwekwa, inakaa kwenye flashi. Ninatembea nayo.

Au uweke SSD

Nawauliza wateja wangu swali moja: uzito unauona wapi? Kama ni kompyuta kuchukua dakika tatu kuwaka, na Word kufunguka kama inabembelezwa, hapo diski inasoma maelfu ya mafaili madogo kutoka sehemu tofauti. Hata ukiyapanga yote, kichwa lazima kiruke kutoka faili moja kwenda jingine. Difragi inaunganisha vipande vya faili, haiwezi kuligeuza kila faili kuwa jirani wa kila faili. Miruko hiyo ndiyo SSD inayoifuta. Hata ya kawaida ya SATA inasoma megabaiti 500 hivi kwa sekunde, lakini kasi hiyo si ndiyo siri yake. Siri ni kutokuruka.

Kama uzito ni wa mafaili makubwa machache, video, hifadhidata ya duka, faili la barua pepe lililovimba, basi kupanga kunaweza kukupa nafuu ya kweli bila kununua kitu. Na kama uzito unakuja ukifungua vichupo kumi vya kivinjari kwenye mashine ya RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 4, tatizo lako ni RAM. Windows inaitumia diski kama RAM ya dharura, taa ya diski haizimiki, nawe unaisingizia diski. Kadi moja ya RAM itafanya ambalo programu zote hapo juu haziwezi.

Ukienda Kariakoo kununua, piga bei maduka matatu kabla ya kutoa hela, na omba risiti na waranti. Zipo SSD sokoni zilizoandikwa ukubwa zisizo nao. Ukifika nyumbani ijaze kwa H2testw kabla hujaweka kitu: inaandika hadi mwisho kisha inasoma tena ilichoandika. Ikisema kuna data haikurudi, irudishe siku hiyohiyo. Diski ya zamani usiitupe. Inunulie kava ya USB, iwe ya kuhifadhia nakala. Kuhamisha mfumo mzima unaweza kutumia Clonezilla, ya bure, au kupiga Windows upya. Kama utapiga upya, kumbuka kwamba Windows 10 iliacha kupata msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani haziingii Windows 11 kwa njia rasmi. Uliza hilo kabla hujanunua vifaa.

Pale Mabibo

Nilifika saa nne. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, itazame mwenyewe." Nikaandika dfrgui: diski ya sahani, haijawahi kupangwa. CrystalDiskInfo: 05 sifuri, C5 sifuri, joto 43. Nikashukuru Mungu. Nikapima: imekatika asilimia 27, imejaa 91. Nikafungua eneo-kazi lake nikakuta folda 300 na ushei, kila mwanafunzi aliyewahi kuprinti ameacha jina lake pale, utafiti wa 2021, barua za kuomba kazi, picha za pasipoti.

"Mama, hizi za nani?"

"Wananiambia hifadhi mama, nitarudi."

Tulikaa naye hadi saa saba tukichambua. Za mwaka huu zikabaki, nyingine zikaenda kwenye diski ya nje. GB 60 zikaachia. Kabla ya kupanga nilipima kwa simu: faili lake la risiti kwenye Word lilifunguka kwa sekunde 48. Jumapili, yeye akiwa kanisani na UPS ya kukopa ikiwa chini ya meza, ya Windows ilifanya kazi kwa saa tatu na dakika kumi. Jumatatu faili lilelile lilifunguka kwa sekunde 21. Sikumwambia kwamba kupanga ndiko kulikofanya yote hayo, maana pia tulizima programu saba zilizokuwa zinawaka zenyewe asubuhi. Ameanza kuweka akiba ya SSD na RAM, na kwa mashine ile ndiko kwenye nafuu kubwa zaidi.

Kilichobaki ni ratiba. Nikaingia kwenye mipangilio ya matengenezo, nikautoa muda wake saa nane usiku nikauweka saa saba mchana, anapokwenda kula na dada msaidizi anabaki kwenye mashine ya kopi tu. Mama mwenyewe akachukua karatasi ya A4, akaandika kwa kalamu nyekundu, akaibandika kwa selotepu juu ya soketi: USIZIME, SAA 7 HADI SAA 8, MASHINE INAJIPANGA.